Umeme wa baharini na samaki wapitao: upi twaweza kuuvumilia Mombasa?

Ami yangu alivua kwa mshipi na kwa jarife, wavu unaoachwa uchukuliwe na maji, zaidi ya miaka arubaini. Siku hizi kazi yake ni kukaa barazani Mji wa Kale baada ya alasiri na kuwauliza watu maswali magumu. Juzi lilikuwa hili: "Hawa wa umeme wakija na pangaboi zao baharini, tuwakubalie lipi na tuwakatalie lipi?"

Mpaka leo hakuna umeme wa baharini unaoingia gridi ya Kenya. Upepo tunaoutumia ni wa bara: kule Loiyangalani iko minara 365 ya Lake Turkana Wind Power, megawati 310, na nguru wetu hawana habari nayo. Hata hivyo ami hakuuliza mapema mno. Mradi ukishafika kwenye kikao cha wananchi, ramani huwa imeshachorwa, na aliyekuja bila kujua anachotaka huondoka na fulana na chupa ya soda. Basi nimekaa nikazipanga njia za kuzalisha umeme baharini, hii kando ya hii, nikizipima kwa jambo moja tu: samaki anayesafiri atapita au hatapita?

Mkaazi si msafiri

Vipeperushi vya minara ya baharini hupenda picha moja: mguu wa mnara umevaa kome na mwani, na samaki wamejaa pembeni. Picha si ya uongo. Kwenye minara mitano ya Block Island, Marekani, iliyoanza kazi 2016, samaki mmoja wa huko, jamaa wa chewa wetu, aliongezeka kwenye miguu ya minara. Ubelgiji nako samaki walikutwa wamejikusanya kwenye misingi wakila vijidudu vinavyoishi juu yake.

Lakini huyo ni mkaazi. Chewa, ukimjengea nyumba, anahamia. Wale ambao ami anawaulizia ni wengine kabisa, na hapa petu wana njia tatu zisizofanana.

Wa kwanza hupita nje ya mwamba: jodari, ambaye hujitokeza kwa wingi kusi ikilegea, Agosti mpaka Oktoba, nduaro, ambaye huja na kaskazi kuanzia Novemba, pamoja na nguru, fulusi na papa. Wa pili huingia na kutoka kwenye hori zetu, Tudor, Port Reitz, Mtwapa. Huko yumo mkizi, na yumo mwatiko, ambaye huzaa baharini lakini vifaranga wake hukimbilia kwenye mikoko. Wafugaji wa mwatiko wa pwani yetu huwategemea vifaranga hao hao wanaookotwa kwenye vidimbwi vya maji ya kupwa. Wa tatu wengi wetu hatumfikirii: mkunga wa mtoni (si yule mkali wa kwenye mwamba), ambaye huishi miaka mingi katika Tana na Athi, kisha hushuka na mafuriko kwenda kuzaa mara moja tu na kufa. Wanasayansi huamini mazalio yake yako mashariki ya Madagascar. Watoto wake, wembamba kama jani na waangavu kama kioo, hurudishwa kwetu na mkondo wa bahari.

Mtu akikwambia "umeme wa baharini hauna madhara kwa samaki", muulize ni yupi kati ya hawa watatu.

Mnara uliosimikwa na mnara unaoelea

Upepo ndio utakaotujia kwanza, kwa sababu ndio uliokomaa. Denmark walisimika minara 11 pale Vindeby mwaka 1991 na wakaing'oa 2017, umri wake ukiwa umekwisha. Siku hizi mnara uliosimikwa aghalabu hukaa juu ya nguzo ya chuma iliyopigiliwa chini, na kwa kawaida kazi hiyo haivuki kina cha mita 60 hivi.

Hapo ndipo Mombasa inapoharibu hesabu. Rafu yetu ya bara, ile sakafu ya maji mafupi kando ya nchi kavu, ni nyembamba mno. Ukitoka mlango wa mwamba, kilomita chache tu sakafu inaporomoka, mita 200 na kuendelea. Kila nahodha wa hapa ajua mahali maji yanapobadilika rangi. Mnara wa nguzo hauna pa kusimama mbele ya Nyali. Mwenye mradi wa nguzo atasukumwa kaskazini, kwenye maji mafupi ya Ghuba ya Ungwana, ambako rafu ni pana. Na Ungwana ndiko Tana na Sabaki (ndiyo Athi ikifika baharini) zinakomwagia maji. Kwa hivyo anayesema "basi tuuweke kule, usitusumbue Mombasa" ameutia mradi mlangoni mwa mkunga, na mlangoni mwa wavuvi wa Kipini na Ngomeni, bila ya kuwauliza.

Ubaya mkubwa wa nguzo ni kishindo cha kuzipigilia. Nyundo hugonga maelfu ya mara kwa nguzo moja, na sauti majini husafiri mbali na kwa kasi kuliko hewani. Ujerumani wameweka kikomo cha desibeli 160 kwa kila pigo, kipimo kikichukuliwa mita 750 kutoka kwenye nguzo, na makampuni huzungushia kazi pazia la mapovu ya hewa ili kuinyonya sauti. Kikomo hicho kiliwekwa hasa kwa ajili ya pomboo, si samaki.

Samaki nao hawasikii sawasawa. Jamaa za simu, wale samaki wadogo kama dagaa, wana kibofu cha hewa kilichounganika na sikio, kwa hiyo kishindo kwao ni kama ngoma iliyofungwa kichwani. Nguru na songoro hawana kibofu kabisa. Hao husikia mtikisiko wa maji wenyewe, na wa mbali hawaupati vizuri. Mtu angeweza kufurahi akasema nguru wamesalimika. Lakini nguru anamfuata simu. Chakula kikikimbia, mlaji hakai kusubiri nyundo iishe.

Kuna jambo ambalo sijaliona likitajwa, nalo ni letu. Meli za ujenzi hutaka bahari tulivu. Juni na Julai, kusi ikichafuka, hakuna atakayepigilia nguzo. Kazi itaangukia maleleji, pepo zikibadilika, na kaskazi. Na kaskazi ndiyo msimu wa nduaro, ndiyo miezi mashua zetu hutoka kila siku, na ndiyo miezi papa shilingi huonekana. Ulaya huweza kupanga kelele ziangukie miezi ambayo samaki fulani hayupo. Hapa utulivu wa bahari na msimu wa uvuvi ni kitu kimoja.

Mnara unaoelea hauna nyundo hiyo. Wa kwanza kufanya kazi kama shamba kamili ulikuwa Hywind Scotland, 2017: minara mitano, megawati 30, kilomita kama 25 nje ya Peterhead, mahali penye kina cha mita 100 hivi. Kila mnara umefungwa kwa minyororo mitatu kwenye nanga zinazofyonzwa ndani ya sakafu badala ya kugongwa. Kwa sakafu yetu inayoporomoka, huu ndio mnara wa upepo pekee unaoweza kuzungumziwa kwa dhati mbele ya Mombasa.

Je, wasafiri wa nje ya mwamba wataukwepa? Mimi nadhani kinyume chake. Mvuvi yeyote aliyewahi kukuta gogo likielea ajua fulusi watakuwa chini yake. Wavuvi wa jodari wa Bahari ya Hindi hutupa chelezo makusudi ili samaki wajikusanye, na ugomvi kuhusu chelezo hizo haujawahi kukauka kwenye vikao vya tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli. Mnara unaoelea ni chelezo kubwa isiyosafiri. Jodari na nduaro watakuja, watazunguka, na swali ni kama watachelewa. Wako wanasayansi wanaohofu kwamba chelezo humshika samaki mahali ambapo hangekaa, pengine pasipo na chakula cha kutosha. Wengine huona anakaa siku chache na kujiendea. Kwa minara inayoelea yenyewe muda haujawa mrefu wa kutosha kuamua, na mashamba hayo bado ni machache duniani.

Kwa mvuvi hesabu hugawanyika vibaya. Anayerambaza, yaani anayekokota mshipi nyuma ya chombo, na anayevua kwa mshipi atapata mahali papya pa kuzungukia, akiruhusiwa kukaribia. Mwenye jarife amepoteza eneo lote, kwani wavu unaochukuliwa na maji usiku haujui kukwepa mnyororo, wala waya wa umeme unaoning'inia kutoka mnarani mpaka chini. Ami, mtu wa jarife, alinikata hapo. "Kwa hivyo samaki watajaa, nami nitazuiwa kuwafikia." Ndivyo. Faida ya samaki na faida ya mvuvi hapa hazimo ndani ya chombo kimoja. Kitu ambacho wavuvi wamefungiwa wasikifikie chaweza hata kuwa kimbilio la samaki, lakini usimpe mwenye jarife habari hiyo kama pole.

Kuziba hori na kutega mkondo

Bamvua, yaani maji makuu, ikijaa, maji huingia Tudor na Port Reitz kwa nguvu ambayo humtia mgeni tamaa. Mhandisi akitazama, haoni hori, aona betri. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kujenga ukuta mdomoni, kuyaacha maji yaingie, kisha kuyatoa kupitia turbini. Ya pili ni kutega turbini kwenye mkondo wenyewe bila ukuta.

Kuhusu ukuta sina subira, na nitasema kwa nini kwa urefu, kwa sababu ndio unaoonekana safi zaidi kwenye karatasi.

Mfano mkubwa ni La Rance, Ufaransa, uliofunguliwa 1966: turbini 24, megawati 240. Ili kuujenga, mlango wa mto ulifungwa karibu miaka mitatu. Viumbe wengi wa bahari waliokuwa ndani walikufa, na ilichukua miaka mingi baada ya kufunguliwa ndipo maisha yakarudi, tena si kwa mpangilio ule wa awali. Canada walijenga mdogo pale Annapolis Royal, 1984, turbini moja ya megawati 20. Hapo samaki wahamaji wa Ghuba ya Fundy walikuwa wakipita kwenda kuzaa na kurudi, na baadhi yao wakapigwa na mapanga. Mwaka 2004 hata nyangumi alipita langoni akashindwa kutoka kwa siku kadhaa. Mtambo ulisimama 2019, hitilafu ya mashine ikikutana na hukumu ya idara ya uvuvi kuhusu vifo vya samaki.

Katika mambo yanayoongeza nafasi ya samaki kugongwa, urefu wake umo: mwili mrefu huchukua muda zaidi kupita kati ya panga na panga. Mkunga ndiye anayeumia kuliko wote. Mkizi mkubwa aliyeshiba mayai naye si mfupi. Wenyewe twasema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, kwa vile huruka akajitia chomboni. Akiruka mbele ya turbini hakuna wa kufurahi.

Na tungelipia hasara hiyo kwa umeme kiasi gani? Nguvu inayopatikana huenda kwa mraba wa tofauti ya maji kujaa na kupwa. La Rance tofauti hiyo kwa wastani ni kama mita 8. Mombasa, bamvua yenyewe huzunguka mita 3 na nusu, na maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, ni chini ya hapo. Kwa eneo lile lile la maji, hata bamvua yetu hupata chini ya robo ya wastani wao. Tutakuwa tumemzuia mwatiko kwa bei ya rejareja.

Tena sisi ukuta twaujua. Makupa ulikuwapo tangu enzi za ukoloni, tuta la mawe na udongo lililowatenganisha Tudor na Port Reitz, maji ya upande huu yasionane na ya upande ule. Daraja lilipofunguliwa 2022 ndipo maji yakapata njia. Mtu anayependekeza ukuta mpya Tudor ajue anawaambia watu waliosubiri vizazi kuondolewa wa zamani.

Turbini ya mkondo, isiyo na ukuta, ni kiumbe mwingine. Uingereza wanazo MeyGen, kaskazini kabisa ya Scotland, turbini nne za megawati moja na nusu kila moja, chini ya maji. Rota zake huzunguka polepole ukilinganisha na rafadha ya mashua, na kando yake pako wazi. Palipowekwa kamera na vipima-sauti, samaki wengi walionekana wakikwepa, ingawa wakati wa maji kusimama baadhi husogea karibu kuchungulia. Ningeikubali haraka kuliko ukuta. Shida ni kwamba nguvu ya mkondo huenda kwa mchemraba wa mwendo: mwendo ukipungua nusu, umeme unabaki sehemu moja ya nane. Kule MeyGen maji hukimbia zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Hakuna hori ya Mombasa inayokaribia hapo, na mahali penye mkondo mkali kidogo ndipo penye feri ya Likoni na meli za Kilindini. Basi nimeitoa kwenye orodha kwa sababu ya umeme, wala si kwa sababu ya samaki.

Mawimbi, kwa haraka

Hapa pako kitu kidogo ninachokipenda. Mutriku, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, walipojenga ukuta wa kukinga bandari yao waliacha vyumba ndani yake. Wimbi likiingia chumbani husukuma hewa juu, na hewa ndiyo inayozungusha turbini 16. Samaki hagusani na panga lolote. Ulianza 2011, na uwezo wake wote ni kilowati 296. Ni kidogo, ndiyo, lakini ukuta ungejengwa hata hivyo. Mahali popote pwani yetu ambapo kuta za kukinga mawimbi zinajengwa upya, wazo hili halina madhara ya ziada kwa msafiri yeyote kati ya wale watatu. Mashine za mawimbi zinazoelea bahari kuu zimekuwa na historia ya kuvunjika moyo: zile tatu za Pelamis za Aguçadoura, Ureno, mwaka 2008, zilifanya kazi miezi michache tu.

Ukiwa wewe ni nani?

Kama unavua horini, au unafuga mwatiko, mnara unaoelea nje ya mwamba ni jirani mwema kuliko chochote kitakachojengwa mdomoni mwa hori, hata kiwe kidogo. Kama unarambaza nguru na fulusi, omba mnara unaoelea, lakini haki ya kukaribia iandikwe kwenye leseni kabla ya mnyororo wa kwanza kushushwa. Ahadi ya mdomo ya afisa uhusiano haitoshi. Mwenye jarife hana chaguo zuri hapo juu. Chake ni kudai mahali, yaani minara ikae wapi na ipangwe kwa umbali gani, na BMU yake (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) iwe na ramani ya njia za nyavu iliyochorwa na wavuvi wenyewe, kwa misimu yote miwili. Ukiwa Kipini au Ngomeni, kaa macho na nguzo.

Kebo

Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza megawati. Aliuliza kebo itaibukia wapi.

Ni swali ambalo mimi nililiacha mwisho, na pengine lilistahili kuwa la kwanza, kwa sababu mnara wowote, wa nguzo au wa kuelea, lazima ushushe umeme nchi kavu, na kebo huikata njia ya kila samaki apitaye sambamba na pwani. Umeme ukipita, kebo huzungukwa na uga wa sumaku. Papa na taa wana vitundu puani vinavyohisi umeme hafifu kuliko tunavyoweza kufikiri. Ndivyo wanavyompata windo lililojifukia mchangani. Mkunga naye huisoma sumaku ya dunia. Sweden waliwafuata mikunga waliotiwa vipima-njia wakivuka kebo ya kilovolti 130: walipunguza mwendo, kisha wakavuka. Marekani, taa waliofungiwa juu ya kebo inayoelekea Long Island walizunguka-zunguka zaidi kuliko wenzao, lakini kebo haikuwa ukuta kwao.

Habari hizo zatuliza, ila mimi nina shaka moja. Karibu na ikweta sumaku ya dunia ni dhaifu: Mombasa ni kama mikrotesla 33, kaskazini ya Ulaya yakaribia 50. Kebo ile ile, yenye umeme ule ule, hapa inachukua sehemu kubwa zaidi ya kile samaki anachokisoma. Majaribio ya Sweden hayakufanywa chini ya anga letu. Mwenye mradi aulizwe hilo, na aulizwe kama umeme utakuwa wa mkondo geu (AC) au mkondo mnyoofu (DC), maana uga wa kebo ya mkondo mnyoofu haubadiliki-badiliki, hivyo huchanganyika na ule wa dunia moja kwa moja.

Dawa yenyewe si ngumu: kuizika kebo. Mita moja au mbili za mchanga haziuzuii uga, lakini humweka samaki mbali na kebo, na uga hupungua haraka kwa umbali. Kwenye mwamba huwezi kuchimba mtaro bila kuvunja matumbawe, kwa hiyo hutobolewa tundu chini yake kutoka nchi kavu. Kebo za intaneti zilizofika Mombasa kuanzia 2009 zimetupa mazoea ya kupokea kebo pwani, ingawa umeme uliomo ndani yake ni mdogo sana ukilinganisha.

Nikamchorea ami pwani kwa chaki kwenye sakafu ya baraza: Likoni, mlango wa Kilindini, Mkomani, Nyali, Shanzu. Likoni aliifuta kwa kiganja kabla sijasema kitu, kwa sababu ya nanga za meli na uchimbaji wa kina cha bandari. Akapeleka kidole taratibu kaskazini, akasimama mahali palipo na mlango mdogo wa mwamba. "Hapa wasipite," akasema. "Hapa ndipo twachukulia simu wa chambo." Nikapatia alama ya msalaba, tukaendelea kupanda na chaki mpaka Mtwapa.